Uchungu wa Mwana na Neno "Hana Kitu"

Wahenga walinena kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Methali hii imezoeleka mno katika insha za shule na katika hotuba za harusini, na aghalabu hutumiwa kuusifu upendo wa mama kwa mwanawe. Hata hivyo, mwenye kuitafakari atagundua kwamba ina upande wa pili usiosherehekewa. Inasema kuwa mzazi anaujua uchungu huo. Inaashiria vilevile kuwa watu wengine hawaujui, na kwamba mzazi ameachiwa aubebe peke yake. Makala haya yanauangalia upande huo wa pili. Yanamhusu mama mmoja wa mwambao wa Ziwa Victoria, karibu na Kisumu, ambaye binti yake aliumwa na kichwa mara kwa mara kwa muda wa karibu mwaka mzima, ilhali hakuna kipimo hata kimoja kilichoonyesha ugonjwa.

Mama huyo ameolewa Seme, magharibi mwa mji wa Kisumu. Kwa mujibu wa desturi ya Waluo, mke huitwa kwa jina la alikotoka, na kwa kuwa yeye ni mzaliwa wa Uyoma, majirani humwita Nyar Uyoma, yaani binti wa Uyoma. Jina hilo, ambalo wanawake wengi wa mwambao huo huitwa, litatosha hapa. Mumewe ni mvuvi wa omena. Yeye mwenyewe hununua omena ufuoni alfajiri, huianika juu ya nyavu kuukuu, kisha huipeleka kwa matatu hadi soko la Kibuye mjini Kisumu. Wamejaliwa watoto watatu. Anayezungumziwa hapa ni kifungua mimba wao, msichana wa miaka 10 aliyekuwa katika Gredi ya Tano. Walimu walimsifu kwa hati nzuri na kwa utulivu. Pengine utulivu huo ndio uliowafanya watu wachelewe kuona kilichokuwa kikimsibu.

Maumivu ya kichwa si jambo geni katika mwambao huu. Kwa Kiluo huitwa wich bar, maneno yanayobeba picha ya kichwa kinachopasuka kama kuni chini ya shoka. Mtoto akitamka maneno hayo, mzazi husikia malaria, na ana sababu za kusikia hivyo. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba katika ukanda wa ziwa, asilimia 27 ya watoto wa kati ya miezi 6 na miaka 14 walikuwa na vimelea vya malaria. Ule wa mwaka wa 2020 ulionyesha asilimia 19, kiwango ambacho bado kilikuwa takriban mara tatu ya kile cha taifa zima. Ni katika ukanda huuhuu, huko Ndhiwa katika Kaunti ya Homa Bay, ambako chanjo ya malaria ilizinduliwa nchini Kenya mnamo Septemba 2019. Matatu za Seme zenyewe hupitia Kisian, penye kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya ambacho kwa miaka mingi kimeichunguza malaria. Mtu aliyekulia mahali kama hapo hawezi kulaumiwa kwa kumpeleka mtoto kupimwa damu kila anapolalamikia kichwa.

Ndivyo alivyofanya Nyar Uyoma. Mara ya kwanza, kipimo hakikuonyesha malaria, akapewa dawa za kutuliza maumivu. Juma la pili alirudi, na la nne pia. Binti alidungwa kidole mara nyingi hata akawa ananyoosha mkono kabla ya kuombwa. Akapimwa macho mjini, yakaonekana mazima. Meno na masikio yakatazamwa, nayo yakawa salama. Hatimaye tabibu mmoja, mbele ya mtoto mwenyewe, akafunga kitabu cha matibabu na kutamka maneno ambayo kila mzazi wa Kenya amewahi kuyasikia: "Mama, mtoto hana kitu."

Bila shaka tabibu huyo alikusudia kuleta habari njema. Katika lugha ya zahanati, "hana kitu" maana yake ni kwamba vimelea havikuonekana. Lakini maneno hayana mipaka ya vyumba yanamotamkiwa. Katika Kiswahili cha kila siku, asiye na kitu ni fukara, na lisilo kitu ni jambo lisilostahili kushughulikiwa. Mama aliyesikia kauli hiyo alielewa kwamba amewapotezea watu wakati. Naye mtoto alielewa kwamba amesemwa kuwa mwongo. Tangu siku hiyo, msichana aliacha kulalamika. Mama akawa anaujua ugonjwa kwa kumkuta amesimama nyuma ya nyumba, paji la uso limebanwa kwenye ukuta wenye baridi, au kwa kuona uji wa asubuhi umerudi kikombeni vilevile ulivyomiminwa.

Nyumbani nako, kila mtu alikuwa na tafsiri yake. Mama mkwe alisema mtoto amedekezwa. Shemeji yake akasema ni mbinu ya kukwepa shule, kwa kuwa kichwa chenyewe huja asubuhi. Jirani mmoja alinong'ona kwamba yafaa atafutwe mtu wa kumwombea, kwani kichwa kisichoonekana kwenye darubini hakiwezi kuwa cha bure. Mwalimu mmoja aliandika katika ripoti ya muhula kwamba mwanafunzi ameanza uvivu. Almuradi jibu halikukosekana, na katika kila jibu palikuwa na mkosaji. Mkosaji huyo alikuwa ama mtoto ama mama yake.

Jambo hili linapaswa kuwashughulisha watu wa Kiswahili hasa, kwa sababu lugha yenyewe haikuwa masikini wa maarifa. Mswahili husema kwamba deni linamuumiza kichwa, na hakuna anayemwambia akapimwe malaria. Wakenya husema mtu ana tumbojoto pale anaposubiri jambo kwa hofu. Neno wasiwasi, lililotoka katika Kiarabu, lina asili ya mnong'ono, sauti ndogo isiyonyamaza sikioni. Kiluo nacho kina neno parruok kwa mtu anayeandamwa na mawazo yake mwenyewe, na huiita aibu wich kuot, kichwa kuvimba. Lugha hizi zote zimekubali tangu zamani kwamba moyo ukielemewa, mwili husema. Kilichopungua ni ukarimu wa kuyatumia maarifa hayo kwa mtoto.

Fasihi inatoa ushahidi wa upendeleo huo. Riwaya ya Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, kisiwa cha ziwa hilihili upande wa Tanzania, ilichapishwa mwaka wa 1974. Wanafunzi wa vyuo vikuu wameandika tahakiki nyingi kuhusu Kazimoto, kijana msomi ambaye mawazo yanamlemea hadi anajitoa uhai. Hakuna mhakiki makini anayesema kwamba Kazimoto hana kitu. Kichwa chake kinachukuliwa kuwa mahali pa maswali mazito ya kuwepo. Mwenye kichwa anapokuwa msichana wa miaka 10, binti wa mvuvi, maswali hayo hugeuka kuwa deko.

Ukweli wa kitabibu uko upande wa mtoto. Mtu anapokuwa na hofu kwa muda mrefu, mwili wake hukaa katika hali ya kujihami: misuli ya shingo, mabega na ngozi ya kichwa hukaza, moyo huenda mbio, na usingizi hukatika. Mtoto wa umri huo anahitaji kulala kati ya saa 9 na saa 12 kila siku. Akikosa usingizi, na pengine akaenda shuleni bila kunywa uji wala maji, mishipa ya fahamu huwa myepesi kutoa ishara ya maumivu. Maumivu hayo hayabuniwi. Mtoto huyasikia kama yanavyosikiwa maumivu ya jino. Watoto wengine, hasa walio na jamaa wanaougua kipandauso, hupatwa na kipandauso chenyewe, na hofu ni mojawapo ya vitu vinavyokichochea. Kwa hiyo, kauli kwamba maumivu yametokana na wasiwasi haina maana kwamba maumivu hayapo.

Lakini ni nani angemweleza Nyar Uyoma hayo? Naye alikuwa amechoka. Binamu yake aliwahi kufariki utotoni kwa homa ya uti wa mgongo, ugonjwa ulioanza kwa kichwa, na tangu vipimo vianze kurudi vitupu, aliwaza kwamba huenda binti ana uvimbe ubongoni ambao zahanati haikuwa na mashine ya kuuona. Usiku aliamka mara tatu au nne, akammulika mtoto usoni kwa tochi ya simu kuhakikisha kwamba anapumua. Asubuhi, neno lake la kwanza lilikuwa, "Mwanangu, kichwa kinauma?" Alinunua dawa za maumivu dukani na kumpa binti karibu kila siku, bila kujua kwamba dawa hizo, zikimezwa siku nyingi za mwezi, zenyewe huweza kuzaa maumivu ya kichwa. Kila alilolifanya lilitokana na mapenzi, na kila alilolifanya lilimthibitishia mtoto kwamba kuna jambo la kutisha linalokuja. Mtoto akimwona mama anaogopa, huogopa zaidi, na mama akimwona mtoto amezidiwa, hofu yake hupanda. Mzunguko huo hauwezi kukatwa kwa kumkaripia mmoja wao.

Aliyeanza kuukata alikuwa mwanamke wa makamo, muuzaji mwenzake wa omena pale Kibuye, ambaye walikuwa naye katika chama kimoja cha kuchangiana. Alikuwa amesikia habari za kichwa cha mtoto kama walivyosikia wengine. Siku moja Nyar Uyoma alipokosea kuhesabu chenji mara mbili, mwenzake hakuuliza habari za mtoto. Aliuliza, "Na wewe, nyar Uyoma, unalala?"

Katika miezi mitano, hilo lilikuwa swali la kwanza lililomhusu mama mwenyewe. Hakulijibu kwa maneno. Alijifunika uso kwa leso, wateja wakapita, na mwenzake akawauzia wateja hao omena kutoka katika beseni zote mbili na kuzitenga pesa za kila mmoja. Siku ya Alhamisi iliyofuata mwanamke huyo alizilinda tena bidhaa za wote wawili ili Nyar Uyoma apate nafasi ya kumpeleka binti kwa tabibu mwingine bila kupoteza mauzo ya siku. Msaada wa namna hii ni mdogo ukiutazama kwa mbali. Kwa mama anayeishi kwa mauzo ya kila siku, ndio uliowezesha yote yaliyofuata.

Tabibu huyo wa pili hakuwa na mashine kubwa kuliko yule wa kwanza. Alimpima msichana, akamchunguza shingo, macho, mwendo na nguvu za mikono, kisha akasema mbele yake, "Kichwa kinamuuma kweli. Sasa tutafute kinamuuma lini." Akaagiza daftari. Kila siku mama na mtoto waandike tarehe, saa maumivu yalipoanza, kilicholiwa, maji yaliyonywewa, saa za kulala, na jambo lolote lililotokea siku iliyotangulia. Dawa za maumivu zipunguzwe, zitumiwe siku chache tu. Na asubuhi mama asiulize habari za kichwa. Mtoto mwenyewe ataandika akiwa nacho.

Daftari lilianza mwezi wa Februari. Mwezi huo na uliofuata, kurasa zilijaa. Mwezi wa Aprili, maandishi yalikoma ghafla. Watu wa nyumbani walishangilia kwamba kitendawili kimeteguliwa: shule zilikuwa zimefungwa, basi chanzo ni shule. Shemeji alijiona mshindi. Hata hivyo, shule zilipofunguliwa kwa muhula wa pili, kichwa hakikurudi. Mei ikapita, Juni na Julai pia, na mitihani ya muhula ikafanywa, na kurasa zikabaki nyeupe isipokuwa siku mbili ambazo mtoto alikuwa na mafua. Mnamo Agosti, wanafunzi wote wakiwa nyumbani likizoni, kichwa kilirudi kwa nguvu zilezile. Nadharia ya uvivu ikaanguka yenyewe.

Nyar Uyoma alilibeba daftari hadi Kibuye na kumwonyesha mwenzake. Yule mwanamke hakuwa amesoma sana, lakini tarehe alizijua. Aliweka kidole kwenye siku za Februari, akahamia Machi, akaja Agosti. Kisha akasema, "Hizi ni siku za omena."

Maneno hayo yanahitaji ufafanuzi kwa msomaji asiyelijua ziwa. Omena huvuliwa usiku kwa taa. Zamani taa hizo zilikuwa karabai, na siku hizi nyingi ni za betri na sola. Mwangaza huwavuta samaki, nao wavuvi huwazingira kwa wavu. Mbinu hii hufaa usiku wa giza pekee, kwa kuwa mbalamwezi ikitanda, taa hupoteza mvuto wake. Kwa hiyo, katika kila mwezi wavuvi huenda ziwani kwa kufuata giza, na hupumzika siku za mwezi mpevu. Isitoshe, upande wa Kenya uvuvi wa omena kwa kawaida hufungwa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai ili samaki wazaane. Muuzaji wa omena huijua kalenda hiyo kuliko anavyoijua ile ya ukutani, maana ndiyo inayomwambia lini beseni litajaa. Katika daftari la mtoto, kichwa kilikuja beseni zilipojaa, kikaondoka zilipokuwa tupu. Kilimwandama baba yake ziwani.

Jioni hiyo, mama na binti wakiwa wameketi wakichambua omena na kutoa mchanga, mama aliuliza kwa sauti ya kawaida, "Baba akiwa ziwani, wewe hulala?"

Msichana aliendelea kuchambua kwa muda. Kisha akasema, "Nakusikia ukiwa macho."

Ikabainika kwamba tangu Septemba iliyopita, usiku wa giza ulipofika, mtoto huyo alikesha pamoja na mama yake bila mama kujua. Mwezi huo upepo ulikuwa umeipindua mashua ya ufuo jirani, na mvuvi mmoja hakurudi. Watu wazima waliongea habari hizo kwa kunong'ona ili watoto wasisikie. Watoto husikia. Nyumba yao iko kwenye mwinuko, na mtu akisimama mlangoni usiku huziona taa za wavuvi majini kama mji uliohamia ziwani. Msichana alizihesabu. Alijaribu kukisia ipi ni ya baba yake. Upepo ulipovuma na baadhi ya taa kutoweka, alirudi kitandani, akajifunika gubigubi, akasikiliza mama akigeuka upande wa pili wa ukuta. Hakutaka kumsumbua mama kwa maswali, kwa kuwa alimwona tayari ana mashaka. Asubuhi kichwa kilisema ambayo yeye hakuyasema.

Hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi. Ziwa Victoria lina desturi ya dhoruba za usiku, na vyombo vikubwa kuliko mashua ya omena vimelala chini yake. Meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 na kuua mamia ya watu; kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, zaidi ya watu 200 wakafariki. Mtoto wa mwambao huyasikia majina haya kama mtoto wa bara anavyosikia majina ya wanyama wakali. Kumwambia "usiogope" kungekuwa kumwambia asiamini masikio yake.

Nyar Uyoma hakusema hivyo. Alisema, "Hata mimi huogopa." Kisha akamweleza kila anachokijua: baba huondoka saa ngapi, nani huwa naye, hurudi lini. Yale asiyoyajua akamwachia mwenyewe ayaeleze. Kesho yake baba, aliyekuwa ameshangaa kuambiwa kwamba kichwa cha bintiye kina uhusiano na kazi yake, alimpeleka ufuoni mchana. Akamwonyesha mashua, taa, na mahali kila mmoja wa wavuvi wanne anapoketi. Msichana aliuliza swali moja tu: mbona majaketi ya kuokoa maisha ni mawili na watu ni wanne? Wanaume wale walitazamana. Kabla ya giza la mwezi uliofuata, mashua hiyo ilikuwa na majaketi manne. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba hofu ya mtoto ilibeba pia ujumbe ambao watu wazima walikuwa wameuzoea hata wakaacha kuuona.

Yalifuata mambo madogo. Baba hupiga simu pindi mashua inapogusa mchanga, naye mtoto huruhusiwa kuamshwa na simu hiyo. Jioni husikilizwa utabiri wa hali ya hewa ya ziwa, na siku ya onyo la upepo mkali baba husema wazi kwamba haendi. Mama ameiweka kando tochi ya usiku. Mtoto hulala mapema, hunywa uji kabla ya shule, na amefundishwa kuvuta pumzi polepole na kuitoa taratibu anapohisi shingo inakaza.

Shuleni, mama alikwenda na daftari lake. Mwalimu wa darasa alilisoma ukurasa kwa ukurasa, na wakakubaliana kwamba kichwa kikimjia, msichana ataketi kivulini kwa muda mfupi, anywe maji, kisha arudi darasani. Hatatumwa nyumbani, kwa sababu kila siku anayokaa nyumbani huifanya shule ya kesho kuwa ngumu zaidi. Hatakaripiwa pia. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 inakataza adhabu ya viboko na vilevile mateso ya kiakili kwa mwanafunzi, na kumwita mtoto mgonjwa mvivu mbele ya wenzake hakuko mbali na mateso hayo. Kwa hesabu ya daftari, siku za maumivu zimeshuka kutoka 10 au zaidi kwa mwezi hadi 3. Hazijaisha. Upepo ukivuma usiku, bado watu wawili katika nyumba hiyo huamka. Tofauti ni kwamba sasa huzungumza.

Haifai hadithi hii ichukuliwe kuwa ruhusa ya kupuuza vipimo. Katika ukanda wa malaria, mtoto mwenye homa lazima apimwe upesi. Halikadhalika, mtoto apelekwe hospitalini bila kungoja ikiwa kichwa kimeambatana na shingo kukakamaa, degedege, kuona maluweluwe, udhaifu wa mkono au mguu, au ikiwa kimeanza baada ya kuanguka au kugongwa. Maumivu yanayomwamsha mtoto usingizini, yanayokuja na kutapika kila asubuhi, au yanayozidi makali juma baada ya juma, nayo yanahitaji daktari. Wasiwasi hutajwa baada ya hayo kuangaliwa. Tena aspirini wasipewe watoto bila amri ya daktari. Kosa la tabibu wa kwanza halikuwa kupima. Lilikuwa kudhani kwamba kipimo kikiisha, kazi imeisha.

Wengi wanaoyasoma majarida ya vyama vya Kiswahili huishia kuwa walimu, na mzazi kama Nyar Uyoma atawajia ofisini siku moja, mtoto akiwa nyuma yake ameinamisha kichwa. Huenda atakuja na aibu, kwa kuwa ameshaambiwa na watu wanne kwamba yeye ndiye chanzo. Huyo hahitaji mtu wa tano wa kumpa ushauri kabla ya kumsikiliza. Anahitaji kuambiwa kwamba anaaminiwa, kisha asaidiwe kutazama kalenda: maumivu huja lini, na huondoka lini. Anahitaji mtu wa kumshikia beseni sokoni siku ya kliniki, au wa kumwachia nafasi darasani siku ya majonzi. Na kwa kuwa walimu hao watakuwa wamesomea lugha, wanaweza kulitendea neno moja haki. Pale ambapo vipimo havikuonyesha ugonjwa, waseme hivyohivyo: vipimo havikuonyesha ugonjwa. Wasiseme mtoto hana kitu, maana huyo wa Seme alikuwa na ziwa zima kichwani.